Mama Yangu Anaishi Pale Pale

Wapendwa, leo naanzia sebuleni kwenu. Nawajua. Taarifa ya habari ikianza, na mtangazaji akisema, "Leo studioni tunaye mgeni kutoka ndani kabisa ya serikali," baba anaongeza sauti ya televisheni, watoto wanafukuzwa, na mama aliyekuwa anasonga ugali anachungulia mlangoni na mwiko wake mkononi. Kesho yake mkikutana sokoni mnaambiana, "Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, nimemwona kwa macho yangu." Haya. Kinywa mmekiona.

Juzi mzee mmoja wa usharika huu aliniuliza, "Mchungaji, hivi hawa wakubwa wanaohojiwa, mtu awaamini au asiwaamini?" Sikumjibu. Nilimwambia aje leo, nitamletea mama mmoja amsikilize. Mama huyu nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kunong'onezana kwamba ni mama wa fulani.

Alikuwapo mama mjane, nyumba yake chini ya mlima. Mwaka huo mvua ilinyesha mpaka watu wakasahau rangi ya jua, na mlima ukafanya ufa. Waliokwenda juu kukata majani ya ng'ombe ndio walioanza kuuona. Walirudi wakasema ni ufa wa kumeza mguu wa mtu, na kila mvua ikinyesha unapanuka. Pale kijijini watu wakaanza kulala na viatu miguuni. Wengine wakafunga mizigo yao, wakaiweka karibu na mlango.

Mama huyu alikuwa na mtoto wa kiume, mkubwa serikalini, tena katika ofisi ileile inayoshughulikia majanga. Siku moja gari likaja. Dereva akasema, "Mama, bosi anasema uje mjini uwaone wajukuu." Mama akafurahi. Nani asingefurahi? Akamwachia jirani yake mbuzi na ufunguo wa nyumba, akapanda.

Jirani huyo naye ni mjane. Kwa miaka yote wameishi kwa kuitana juu ya ua. Asubuhi mmoja akitoka nje anapaza sauti, "Umeamkaje, mwenzangu?" na mwingine anaitikia, "Nimeamka salama, sijui wewe." Hayo ndiyo mazungumzo yote, lakini siku haianzi mpaka yasemwe.

Kule mjini nyumba ni kubwa, sakafu inateleza, geti lina mlinzi. Asubuhi mwanawe kazini, mkwewe kazini, wajukuu shuleni. Wajukuu wakirudi ni masomo ya ziada, halafu simu, halafu kulala. Wanampenda, sisemi hawampendi. Wanamjazia chai kwenye chupa, wanamkatia mkate, wanamwambia, "Bibi, rimoti hii hapa." Basi. Mchana kutwa anakaa na televisheni. Mtangazaji akisema, "Habari za mchana, mtazamaji," yeye anaitikia, "Nzuri mwanangu, za kwako?"

Mnacheka. Chekeni tu. Mimi nilipomfikiria sikucheka, maana wapo wazazi wetu walio hivyo sasa hivi, tunapoongea hapa, kwenye sebule nzuri kabisa, na hakuna aliyewauliza wameamkaje.

Sasa, jioni moja mama amekaa kwenye kochi, bakuli la uji mapajani. Anatazama, anamwona nani? Mwanawe! Amevaa suti, yuko studioni. Mama akafurahi, akageuka kumwambia mtu, "Njooni mwone!" Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Mtangazaji akauliza, "Mheshimiwa, wananchi wa chini ya ule mlima wana hofu. Unawaambia nini?"

Mwanawe akasema wataalamu wameukagua mlima, hakuna tatizo, watu waendelee na shughuli zao. Mtangazaji akauliza tena kama ana uhakika. Hapo kijana akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejiamini, akasema, "Ndugu mtangazaji, mama yangu mzazi anaishi pale pale, chini ya mlima. Hivi kweli, kungekuwa na hatari, ningemwacha mama yangu alale pale?"

Mtangazaji akatabasamu, akamshukuru kwa kuwatoa wananchi wasiwasi.

Na mama yuko wapi? Yuko kwenye kochi la huyohuyo anayesema! Uji unapoa mapajani. Aliangalia miguu yake juu ya zulia. Akajishika mkono, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba yupo.

Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha simu ilipolia. Ni jirani.

"Mwenzangu! Umerudi lini? Mbona hukuniita?"

"Mimi?"

"Mwanao amesema kwenye televisheni! Sote tulikuwa pale dukani tunatazama. Watu wamepiga makofi! Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu, sasa nimeifungua. Wote wameifungua. Tumesema, kama mama yake amerudi kulala hapa, basi hakuna neno. Nimekuja kupiga hodi kwako mpaka mkono umeuma. Umelala?"

Wapendwa, jirani huyo ana ufunguo wa nyumba ile! Yeye mwenyewe alimpungia mkono mwenzake gari likiondoka. Lakini televisheni imesema amerudi, basi akaenda kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nani kati yetu hajawahi kugonga mlango huo?

Mama akafungua kinywa aseme. Akamwona moyoni mwanawe na ile suti. Aibu ya mtoto ni aibu ya aliyemzaa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akasema, "Mtandao unasumbua, mwenzangu. Tutaongea." Akakata.

Mnaujua upweke? Mnadhani upweke ni kukosa watu. Upo mwingine mbaya zaidi. Ni kuwa peke yako na ukweli ambao wengine wanauhitaji ili waishi, na ukiutoa unamvunja unayempenda. Mama yule hajawahi kuwa mpweke kama alivyokuwa jioni ile, hata siku aliyomzika mumewe. Siku ile angalau walilia wengi.

Mwanawe akarudi. Wakala. Kabla hawajamaliza mama akasema, "Mwanangu, kesho nirudishe nyumbani."

"Mama, kule huwezi kurudi. Ule mlima unaweza kushuka wakati wowote."

"Leo umesema hautashuka."

Kijana akaweka kijiko chini. Akamjibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mama, ile ni televisheni."

Nasema tena, kwa wale waliokuwa wanasinzia. "Mama, ile ni televisheni."

Mama akauliza, "Na wenzangu?"

"Nikisema kuna hatari, wataniuliza wahamie wapi, na sina pa kuwapeleka. Mkubwa wangu hataki taharuki. Mimi nimefanya nililoweza, mama. Nimekutoa wewe."

"Mwenzangu hana mtoto serikalini," mama akasema.

Kijana akasukuma sahani yake pembeni. Msimchukie haraka. Si jitu la kutisha. Ni mtoto aliyempenda mama yake, ila mapenzi yake yaliishia getini kwake. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mlima ukiwa juu ya watu wengine, ni salama. Ukiwa juu ya mama yako, unatuma gari.

Asubuhi, wenye nyumba walipokwisha kwenda kazini, mama alichukua mkoba wake, akamwomba mlinzi amfungulie geti, akaenda stendi, akapanda basi. Kwenye simu ulimi ulikuwa umemshinda. Alisema moyoni, nikiwa mbele yao nitaweza.

Akafika alasiri, mvua inanyesha. Jirani akamwona anakuja na mkoba kichwani. Akakimbia kwenye matope, akamkumbatia, akapiga vigelegele. "Kumbe kweli! Nilisema mimi! Nimewaambia, yule kijana hawezi kudanganya! Huyu hapa mama yake!"

Watu wakatoka majumbani. Wakamzunguka kwa furaha. Mnaona balaa hilo? Amekuja kuuvunja uongo, na kule kuja kwake kumeupa uongo miguu!

Mama akasema, "Nisikilizeni. Sikuwepo. Nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Mwanangu amedanganya. Mimi ameniambia mlima utashuka. Fungeni mizigo, tuondoke."

Sentensi ile ilimtoka kama jino linavyotoka. Watu wakatazamana. Kisha jirani, yule wa kuitana juu ya ua, akamshika bega. "Usimseme mwanao hivyo, mwenzangu. Amesema mbele ya nchi nzima. Wewe umechoka na safari. Nenda ukapumzike."

Wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemwamini. Mama wa mtu mwenyewe! Mkoba bado uko mkononi! Laiti angesema maneno yaleyale akiwa ndani ya kile kioo, ana taa usoni na jina lake limeandikwa chini, wangekimbia wakaacha hata sufuria motoni.

Akakaa kizingitini kwake. Akampigia mwanawe.

"Mwanangu, uliwaambia watu kwamba nipo kwangu. Sasa nipo kwangu. Wanakuamini wewe, mimi hawaniamini. Kwa hiyo nimekaa."

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya tochi, ambayo sauti yake husikika mpaka kwa jirani. Na jirani, aliyekuwa amekuja mpaka mlangoni, akasikia. Alimsikia mheshimiwa, yule mwenye suti, analia. "Mama, toka hapo! Nakuomba, mama! Toka, mlima utashuka!"

"Nitatoka na wenzangu," mama akasema. "Wa mwisho akitoka, nami natoka."

Hayo, wapendwa, ndiyo yalikuwa mahojiano ya kweli ya mtu wa serikali. Hayakuwa na kamera. Hayakuwa na mtangazaji wa kutabasamu. Jirani aliondoka pale mlangoni, akaenda kwake, akaanza kufunga mizigo.

Kesho yake asubuhi malori yakaja. Ajabu, pa kuwapeleka pakapatikana! Shule ikafunguliwa, madarasa yakatandikwa mikeka, na usiku wake mheshimiwa akaonekana tena kwenye televisheni, akisema tahadhari imechukuliwa kwa wakati.

Najua mnachongoja. Mnataka niwaambie kama mlima ulishuka. Siwaambii. Maana nikisema ulishuka, mtasema mama alikuwa na akili, na nikisema haukushuka, mtasema aliwasumbua watu bure. Ukweli haungoji mlima uanguke ndipo uwe ukweli.

Nitawaambia habari za mama tu. Analala darasani na wenzake. Mwanawe hajampigia simu tangu siku ile. Kila wakisikia mheshimiwa anahojiwa, watu wanakwenda dukani kutazama, na mama anakwenda nao, anasimama nyuma. Wengine wanasikiliza maneno. Yeye anamtazama mwanawe uso. Juzi alimwambia jirani yake, "Amekonda," akalia.

Sasa yule mzee wangu wa usharika, jibu lako hili hapa. Mtu akihojiwa, usimuulize ana cheo gani, wala ameketi karibu na nani. Muulize amemlaza wapi mama yake. Mtangazaji yule alikuwa na swali moja tu la maana, na hakuliuliza. Angesema, "Mheshimiwa, basi tumpigie mama simu," mambo yangeisha palepale.

Naona mnatikisa vichwa. "Kweli, Mchungaji, hawa wakubwa!" Mmefurahi, leo wamesemwa wengine. Ngojeni kidogo.

Sisi ni watu wa ndani ya nyumba ya nani? Jirani yako ambaye haji hapa, anayepita nje akisikia tunaimba, habari za Mungu anazipata wapi? Anakuhoji wewe. Anakuhoji kisimani, anakuhoji kazini, anakuhoji msibani, pale amemzika mtoto na hana nguvu ya kusimama. Anakuuliza, "Hivi kweli, kwa huyo Mungu wako kuna usalama?" Na sisi, na suti zetu za Jumapili, tunacheka kile kicheko cha kujiamini, tunamwambia, "Kuna amani tele. Mimi mwenyewe ninaishi pale pale."

Unaishi pale? Tulipougua, tulikimbilia wapi gizani? Tulipoambiwa tusamehe, tulisamehe? Tunapowaambia watu Mungu hutunza, ni nini tulichokwisha kukihamisha kimyakimya, kwa gari, kwenda mahali tunapopaamini zaidi? Na wapo waliofungua mizigo yao kwa sababu ya maneno yetu. Wamelala pale wakituamini, nao wanapiga hodi usiku kwenye nyumba ambayo sisi hatumo.

Sitaki mtu aseme amina. Nataka kila mmoja arudi kwake leo, kwenye ile nyumba anayoisifia kila siku, aingie, akae. Halafu ndipo aseme.