Koti la Mzee Luhwago

Sogeeni, lakini mwenye haraka ya kujibu aende kwanza akakoleze moto jikoni. Haya niliyaona kwa macho yangu nikimenya mihogo ya msiba. Imepita miaka sita, na kesho saa tisa jibu linatakiwa.

Upande wetu wa Songea kuna watu watatu wa nyumba moja, nyumba ya marehemu mzee Gebhard Mapunda.

Wa kwanza ni Engelbert, mwanawe wa kiume. Alikuwa na bastola ya kibali, aliyoipata baada ya majambazi kumvamia njiani na kumkata vidole viwili. Kipaji chake kilikuwa kujizuia. Hakuwahi kuionyesha bastola ile, wala kugusa pombe akiwa nayo. Ama iko kiunoni chini ya shati, ama imefungiwa kwenye kasha la chuma. Tena hakuibeba ikiwa imekokiwa, risasi tayari kutoka. "Nikiikoki nyumbani," alikuwa akisema, "nitakuwa nimeshaamua kabla sijaona."

Wa pili ni Winfrida, dada yake. Kipaji chake macho. Mtu akiwa bado kule bondeni, Winfrida anakwambia ni nani, kwa mwendo tu.

Wa tatu ni Kunibert, mume wa Winfrida, muuguzi wa zahanati. Kipaji chake mikono. Haikutetemeka hata siku alipomzalisha mkewe mwenyewe.

Basi mzee Gebhard akafariki. Kwa asiyejua, sisi Wangoni na Wahehe ni watani, na kwetu msiba bila mtani haujakamilika. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza, anavuruga, anawachekesha watu waliolia mpaka sauti zikakauka. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mtani wa mzee Gebhard alikuwa mzee Luhwago, Mhehe, rafiki yake tangu ujana.

Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, Kunibert akaja na habari kwamba kijiji cha pili watu wenye silaha wamevamia msiba na kumpiga mjane. Engelbert akazisikia. Bastola alikuwa nayo, maana kasha lilibaki kwake mjini, na yeye si mtu wa kuacha silaha chini ya mto.

Mchana, mzee Luhwago akamvuta Winfrida nyuma ya nyumba. "Nipe lile koti refu la baba yako. Na usimwambie mtu. Utani ukishajulikana hauna ladha." Winfrida akampa, akanyamaza.

Haikupita nusu saa, mlango wa chumba cha wafiwa ukasukumwa. Mtu kajifunga kitambaa usoni, koti mpaka magotini, na bunduki kamwelekezea mjane wa Gebhard. "Lala chini, bibi. Leo naondoka na wewe." Nilikuwa pale mlangoni, na hata mimi sikujua kama ile bunduki ni ya mti wa kuchonga.

Engelbert akachomoa. Ingekuwa imekokiwa, tungezika watu wawili wiki ile. Ilibidi aikoki kwanza, na kule kuikoki kukala muda kidogo.

Katika muda huo Winfrida akaingia na maji, akamwona mtu yule akipiga hatua, akautambua mguu wa kushoto unaotupwa pembeni. "Kaka, ni mzee Luhwago." Engelbert alisikia. Mkono ukashuka, lakini kidole kilikuwa kimeshaanza kubonyeza. Risasi ikatoboa pindo la koti, ikaingia pajani badala ya kifuani.

Kunibert akamrukia mzee. Akamkaza paja kwa khanga ya mama mkwe wake, akakandamiza kwa goti saa nzima na nusu mpaka gari likapatikana. Daktari alisema bila ile khanga mzee asingefika hospitali.

Mzee Luhwago, pale sakafuni, alijaribu. "Wangoni ninyi, hata utani mnaujibu kwa risasi." Hakuna aliyecheka.

Engelbert alijipeleka polisi mwenyewe na bastola yake. Baadaye, walipomwambia aje aichukue, hakwenda. Mzee akapona, akawa anachechemea. Lakini hakufanya utani tena kwenye msiba wowote. Alikuwa anakuja, anakaa, anakula, anaondoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki iliyopita, mzee akiwa kitandani, aliwaita wote watatu. "Nilipona kwa sababu ya mmoja wenu," akasema. "Huyo ndiye avae koti langu siku ya kunizika, anifanyie utani. Sitaki kuzikwa kimya." Wakamwuliza ni nani. Akafumba macho, na juzi akafariki.

Leo asubuhi nimewakuta nje ya nyumba yake. Koti limetundikwa kwenye msumari, lile lile la Gebhard, tundu limeshonwa kwa uzi mweusi na bado linaonekana.

"Vaa wewe, kaka," Winfrida akasema. "Ungekuwa umeikoki asingepona."

"Nitamchekeshaje mtu niliyemlemaza? Wanawe watanitazama. Vaa wewe, ulimtambua."

"Nilijua anakuja, nikakaa kimya. Ningekunong'oneza neno moja tu, usingechomoa." Akamgeukia mumewe. "Vaa wewe. Damu uliizuia wewe."

"Na hofu niliwatia mimi," Kunibert akajibu. "Ile habari ya majambazi haikuwa hata ya kweli. Niliisikia sokoni, nikaibeba hivyo hivyo."

Mjane wa Luhwago akatoka, macho yamevimba. "Wangoni, mtani wangu yuko wapi?" Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Mjane akarudi ndani.

Jeneza linatoka kesho saa tisa. Koti liko palepale msumarini, na aliyeliomba hawezi kuulizwa tena. Haya, wewe uliyekaa kimya hapo tangu nianze: ungemvisha nani?