Nani Aliiokoa Mimba ya Kidoti

Haya yalianza Jumanne, tarehe tatu Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni, kwenye milima ya Mgeta. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Koleta alikuwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa, Kidoti, mwenye mimba ya miezi minne. Jirani yake, Paskazia, alikuwa na jicho: mbuzi hajakohoa, yeye keshajua anaumwa. Mjomba wa Koleta, Remigi, alikuwa na miguu isiyochoka. Shemeji yake, Kobelo, alikuwa na mkono wa kulisha.

Jioni hiyo Paskazia alichungulia bandani. "Koleta, huyu anaumwa. Usipomwahi leo, atatupa mimba."

Koleta alipima homa: nyuzi arobaini na moja. Kwa hofu akasema mbele ya wote watatu, "Atakayeiokoa mimba hii, mtoto ni wake."

Remigi alishuka mlima mbio, akarudi na daktari wa mifugo kabla ya giza. Sindano zilizofuata alizifuata yeye mwenyewe, mvua isimzuie.

Kidoti alikataa kula siku nane. Kobelo akamlisha jani moja moja la kiazi. "Kula, mama mkwe, usiniaibishe."

Daktari aliwaambia, "Mwili wenye mimba hupunguza ukali wa kinga yake, usije ukamshambulia mtoto kama mgeni. Vijidudu huupenda upenyo huo. Bila kuwahiwa, bila dawa, bila chakula, usingeshinda. Msiniulize kipi kilizidi."

Alhamisi, tarehe tatu Julai, Kidoti alizaa jike mmoja, mzima. Wote walifurahi isipokuwa Koleta. Kuna jambo lilikuwa likimkera mwezi mzima.

"Paskazia, homa ina sababu mia. Mbona ulitaja mimba kabla hata sijapima?"

"Niliona tu."

"Uliona nini?"

Paskazia alitazama chini. "Mbuzi wangu alitupa mimba wiki mbili kabla, kisha akafa. Nilizika, nikanyamaza, nisije nikasemwa. Halafu nikaja kwako kuazima jembe, na mabuti yaleyale niliyozikia."

"Kumbe umezima moto uliouwasha mwenyewe," alisema Remigi.

"Huna hakika, mjomba," alijibu Paskazia. "Beberu wa kuazima alipita kwetu sote."

"Mimi ningenyamaza mpaka kaburini," alisema Kobelo.

"Ningenyamaza jioni ile, shemeji, mimba ingetoka, na hakuna ambaye angeniuliza kitu. Sasa banda langu ni tupu, na mnaniuliza mimi."



Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Koleta aliweka beseni la maji ya dawa mlangoni mwa banda. Walipokuja, aliwaambia wakanyage humo mmoja mmoja, hata mjomba wake. Kisha akasimama mbele yao, kitoto cha mbuzi kifuani, akazitazama nyuso zao bila kumkabidhi mtu.

Mmoja aliona, mmoja alileta dawa, mmoja alilisha. Ukimwondoa yeyote, hakuna mtoto. Lakini huenda mmoja wao ndiye aliyeleta ugonjwa, na ni huyohuyo aliyekuja kusema. Haya, ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni, ungemweka mikononi mwa nani?