Mimi Nani?

Wapendwa, tuseme katika mji mmoja palikuwa na ukumbi wa maonyesho, na katika ukumbi huo palichezwa mchezo wa kuigiza unaosimuliwa kwa nyimbo. Hadithi yake ni nyepesi kuieleza. Kijana mmoja aligombana na mama yake, akasimama mlangoni na mzigo begani, akasema, "Tangu leo mimi si mwanao." Akaenda zake. Miaka ikampiga huko alikokwenda, mvi zikamwingia, na mwisho wa yote akarudi, akasimama mbele ya mlango uleule, akabisha.

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wa mchezo. Hodi ninyi mnaijua. Mtu akibisha huulizwa, "Nani?" Naye, kama tulivyo sote, hujibu, "Mimi," kana kwamba duniani kuna mimi mmoja tu. Ndipo wa ndani huuliza tena, "Mimi nani?" Katika mchezo ule, mama akishauliza hivyo, ngoma zilinyamaza, kinanda kikanyamaza, na yule mwana naye akanyamaza, kwa sababu jibu lililofaa ni lilelile alilolikana mahali pale pale. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha alisema neno moja kwa sauti ya chini: "Mwanao." Mlango ukafunguka, ngoma zikalia, wimbo mkubwa ukaanza. Watu walitoka ukumbini macho yamelowa, na wengine hawakufika hata barabarani kabla ya kuwapigia simu mama zao.

Aliyeigiza nafasi ya mwana huyo alikuwa mtu wa sura ya kawaida, sura ya mtu unayepanga naye foleni asubuhi nzima na jioni usimkumbuke. Akaugua koo. Tabibu akamwamuru apumzishe sauti, ikabidi atafutwe mwingine wa kushika nafasi yake. Wakati huo viti vilikuwa vimeanza kubaki wazi, na mwenye ukumbi alikuwa na yake kichwani. Hakutafuta mwigizaji. Alimtafuta mwimbaji wa muziki wa vijana, ambaye nyimbo zake zilisikika kila saluni na kila kibanda cha chipsi. Jina lake la jukwaani lilikuwa Kimondo. La kuzaliwa silitaji, kwa kuwa ukumbini hapakuwa na aliyelijua. Waigizaji waliponung'unika, mwenye ukumbi aliwajibu kwamba watu hawakati tiketi ili wauone ukimya. Hukata tiketi ili wamwone mtu.

Sasa msifanye haraka kumcheka Kimondo. Alikuwa mtu makini, na alikuwa na dukuduku lake. Katika chumba cha kurekodia mashine ziliinyoosha sauti yake kila ilipopinda, na wajuzi wa muziki walisema bila kumficha kwamba ukimwondolea mdundo hana kitu. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alichokitaka katika mchezo ule kilikuwa kimoja: aseme neno moja lisilo na mdundo chini yake, na watu wamwamini. Alifika mazoezini kabla ya wenzake. Alijifunza kuushusha mzigo begani kama mtu ambaye mgongo umemchoka kweli. Alijifunza kusimama karibu na mlango hata pumzi yake ikagusa mbao. Na siku moja, ukumbi ukiwa mtupu, alilitamka neno lile kwa namna ambayo mshona mavazi, aliyekuwa kiti cha nyuma akishona upindo, aliiacha sindano hewani. Mlango ulipofunguliwa, Mama Perpetua, mwigizaji mkongwe aliyecheza nafasi ya mama, alikuwa akilia machozi ambayo hayakuandikwa kwenye mchezo.

Kwa hiyo uwezo alikuwa nao. Lishikeni hilo.

Siku ya kwanza ya maonyesho ukumbi ulifurika, watu wakasimama hadi kwenye kuta. Kimondo alibisha. Mama akauliza, "Nani?" Akajibu, "Mimi." Mama akauliza, "Mimi nani?" Na kabla ukimya haujazaliwa, ukumbi mzima ukajibu kwa niaba yake: Kimondo! Wakalirudia jina, wakalipigia makofi, simu zikammulika. Naye, aliyepakwa mvi za unga kichwani na mzigo begani, pembe ya mdomo ikamcheza. Lilikuwa tabasamu dogo tu. Kisha akasema, "Mwanao," lakini nani alilisikia? Nawauliza ninyi: mtu atarudije nyumbani kama mgeni, ilhali mtaa mzima unalitaja jina lake? Mlango ukafunguka, ngoma zikalia, watu wakafurahi kweli kweli. Ila hapakuwa na aliyemkumbuka mama yake.

Baada ya onyesho Mama Perpetua alimkuta akijifuta unga wa mvi mbele ya kioo.

"Mwanangu," akamwambia, "leo nimefungua mlango nikakuta mtu anatabasamu. Yule wa mazoezini umemwacha wapi?"

"Mama, si mimi. Ni wao. Wanyamaze wao, uone."

Huo ukawa ndio wimbo wake. Aliuimba kwa waigizaji wenzake, akauimba kwa mwenye ukumbi, akauimba hata redioni alipohojiwa: kwamba watu wa siku hizi hawajui kusikiliza, kwamba yeye amekuja kufanya kazi na wao wamegeuza sherehe. Wenzake wakamtania kila alipofika, "Kaka, leo umekuja kuigiza au umekuja kusalimia?" Alicheka nao, ila ilimchoma, kwa sababu aliamini kwamba anaonewa.

Lakini pana jambo ambalo yeye hakuliona. Mguu wake ulikuwa ukihama. Mazoezini alisimama kuelekea mlangoni. Siku zilivyokwenda, unyayo mmoja ukageuka, bega likafuata unyayo, uso ukafuata bega, hata ikawa anabisha kwa kugonga mbao nyuma yake huku amewakabili watu. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mama Perpetua, aliyekuwa akimchungulia kwa ufa wa mlango kila jioni, ndiye aliyelitambua, na akamwambia siku moja kwa upole, "Baba, unabisha huku umeupa mlango mgongo." Akajibu kwamba ni kwa sababu ya taa, taa za ukumbi zilifungwa vibaya.

Mkataba wake ukafikia ukingoni, ikabaki jioni moja. Alikuwa amelisema neno lile tangu siku ya kwanza, na hata mara moja halijasikika. Alimfuata Mama Perpetua nyuma ya pazia, na safari hii hakuwa na mzaha wala lawama. Alimsihi amsaidie. Alisema hataki kitu kingine katika mchezo huo, ni ule ukimya tu, apewe mara moja, kisha aende zake. Mama akajifunga kitenge chake cha mchezoni, akatoka peke yake mbele ya pazia. Vijana wakamwamkia shikamoo ukumbi mzima, naye akaiitikia taratibu, mpaka wakatulia.

"Wanangu," akasema, "nina ombi. Pale mlangoni nitakapouliza swali, mwacheni niliyemuuliza anijibu mwenyewe."

Akarudi ndani. Na watu wakatii. Wale wale waliolaumiwa redioni, wale wale wasiojua kusikiliza, waliombwa mara moja tu na mtu mzima, wakatii.

Kimondo akabisha.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Ukimya alioutamani ukamjia wote kwa mara moja, mkubwa kuliko alivyouota. Hapakuwa na aliyekohoa. Alizisikia taa zikivuma juu ya kichwa chake. Alilitafuta neno, alilijua, alikuwa amelirudia tangu asubuhi. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kungoja kitu kingine kwanza. Kwa jioni zote zile kelele ndiyo iliyomwambia sasa sema, na leo kelele haiji. Akawatazama watu. Watu nao wakamtazama mzee mwenye mvi na mzigo wake, wakimhurumia, na katika macho yote yale hapakuwa na jicho moja lililomwona Kimondo. Ndicho alichokitaka, wapendwa. Ndicho alichokiomba kwa Mama Perpetua jioni ileile. Hofu ikamshika, kama mtu anayepapasa ukuta gizani na ukuta haupo. Mdomo ukafunguka.

Akasema, "Kimondo."

Hakupaza sauti. Alilitamka taratibu, kwa sauti ileile aliyoitunza kwa ajili ya neno jingine, bila mdundo wowote chini yake. Na kila mtu alimwamini.

Mama Perpetua alikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Alikuwa amezeekea jukwaani, na alijua kwamba mama wa kwenye mchezo amesikia alichokisikia, wala hana ruhusa ya kujifanya amesikia kingine. Akajibu kama ambavyo mama yule angejibu:

"Simjui mtu wa jina hilo. Mimi namngoja mwanangu."

Na mlango haukufunguka.

Wapendwa, sisi si watu wa jukwaani. Lakini nafasi tunazosimamia hatukuziandika sisi, na wengi wetu tumezipokea kutoka mikononi mwa wengine waliochoka au waliougua. Mmoja anaongoza kwaya, mmoja anapokea wageni mlangoni, mmoja anasimama hapa mbele ambapo nimesimama mimi. Watu wakitusifu tunasema: si mimi, ni wao, mimi namtumikia Mungu, siwaombi makofi. Inawezekana ni kweli. Basi na tujiulize, makofi yalipokoma ilikuwaje? Mwaka ule wa sherehe ya jengo hili, jina lako liliposahaulika miongoni mwa walioshukuriwa, ulikaa kimya hadi lini? Dada uliyeimba ubeti wa kwanza kwa miaka, akapewa mwingine, ulimwimbia nani Jumapili iliyofuata? Je, si kweli kwamba watu waliponyamaza, jina letu tulilitaja wenyewe, taratibu, kwa sauti ya unyenyekevu, katika maombi, katika ushuhuda, hata katika kutoa pole msibani?

Watu hawakutuharibia kitu. Walitupa kelele, na sisi tukaigeukia, unyayo mmoja kwanza, kisha bega, mpaka tukawa tunabisha kwa mgongo.

Siku inakuja ambayo kila mmoja wetu atasimama mbele ya mlango bila kwaya, bila kipaza sauti, bila mshereheshaji wa kumtambulisha. Tutaulizwa, "Nani?" Tutajibu, "Mimi," kwa mazoea. Na aliye ndani atauliza swali la pili. Je, mnadhani ataliuliza kwa kuwa hatujui? Sauti zetu anazijua tangu tulipokuwa tukilia kwenye mbeleko. Atauliza ili asikie sisi wenyewe tunajijua kwa jina gani. Tutamwambia nini? Mwenyekiti? Mwinjilisti? Mfadhili? Hayo ni majina ya ukumbini, na ukumbini ndiko yanakojulikana. Yeye ndani anamngoja mwana.

Mmoja wenu atataka kuniuliza kama Kimondo alibisha tena. Ule mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, hauna komeo, na neno lililotakiwa bado alikuwa nalo. Lakini hilo ni lake, na pazia lake limekwisha kufungwa. La kwetu bado liko wazi. Leo ukifika nyumbani, kabla hujamsimulia mtu habari za ibada, jitenge kidogo mahali pasipo mtu wa kukusikia. Geuka, uelekee mlango. Kaa na ule ukimya, hata ukikutisha, usiujaze kwa jina lako. Kisha litamke lile neno. Si refu.

Mkono uko kwenye kitasa.