Koti la Mzee Tarumbeta

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa nyuma hamkuitika!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Watoto mbele, watu wazima nyuma, na mwenye kusinzia asinzie kwa adabu.

Hapo zamani za kale wanyama waliishi boma moja huko milimani, mahali ambapo kipupwe kikiingia hata maji ya mtungini yanauma meno. Ah, siku zile! Kondoo aligawa sufu yake, Jogoo aliamsha watu bila kinyongo, na hakuna aliyefunga mlango wa boma, kwa sababu mlangoni walilala mbwa wawili.

Mbwa hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja aliitwa Tarumbeta, mwenzake Zumari. Majina waliyapata kwa sauti zao. Asubuhi ukungu ukitanda, Mbweha akija kunyatia watoto wa mbuzi, Tarumbeta alibweka bwe! bwe! Zumari akaitikia bwi! bwi! Mbweha akatimua mbio. Kisha ndugu wale walilala mgongo kwa mgongo. Huyu akampasha moto yule, yule akampasha moto huyu. Wakazeeka hivyo hivyo.

Masika moja Zumari akafa. Wakamzika, wakalia, mvua ikakatika, kipupwe kikaja.

Tarumbeta akabaki peke yake mlangoni. Mgongo wake ukawa wa baridi. Akaanza kukohoa. Asubuhi akitaka kubweka, inatoka kho! kho! Mbweha akaisikia kule vichakani, akacheka, akasogea hatua moja. Kesho yake akasogea mbili.

Wanyama wakakaa kikao. Wakamwambia Mzee Tarumbeta kwa upole kwamba kazi imemshinda, aende jikoni akalale kwenye majivu pamoja na Paka, wao watatafuta mbwa kijana ng'ambo ya bonde. Tarumbeta akainama. Jikoni kulikuwa na joto, hilo alilijua. Lakini pale mlangoni ndipo alipolala na ndugu yake tangu utotoni. Akiondoka, Zumari angebaki na nani? Akaomba jambo moja tu, wampe nafasi ashonewe koti. Wakampa siku saba.

Basi akaenda kwa Fundi Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayesuka viota. Kondoo akatoa sufu. Mnana akamwambia mzee asimame wima, asitikisike. Tarumbeta akasimama kama bwana harusi. Mnana akampima shingo, akampima mgongo, akampima tumbo, huku akiimba:

"Pima, kata, shona,
koti likae, bwana."

Chwi, chwi, chwi, mdomo ukaenda, koti likaisha. Lilikuwa koti la kutazamwa! Lilianzia shingoni likaishia mkiani, likazunguka tumbo lote, na vifungo kumi chini. Wanyama wakapiga makofi. Tarumbeta akatembea kwa maringo mpaka mlangoni.

Sasa, watoto, mbwa dume akifika penye nguzo hufanya nini? Msinicheke mimi, mnajua wenyewe. Akainua mguu. Chwaa! Koti likalowa tumbo zima. Na sufu ikilowa wakati wa kipupwe, ni afadhali kukaa uchi. Alitetemeka mpaka adhuhuri.

Akarudi kwa fundi. Fundi akauliza koti lina nini. Tarumbeta akatazama chini. Mzee mzima, mvi mpaka puani, angeanzaje kumwambia kijana wa watu jambo kama lile? Akasema linambana mabega.

Pima, kata, shona. Mnana akapanua mabega. Mzee akafika mlangoni. Chwaa!

Akarudi. Akasema linambana shingo. Pima, kata, shona. Mnana akapanua shingo. Mzee akafika mlangoni. Chwaa!

Akarudi, akasema linamkaba kwapani. Ikawa hivyo hivyo siku baada ya siku, mpaka koti likawa gunia. Upepo uliingia shingoni ukatokea mkiani. Na tumbo bado lilikuwa limelowa.

Kilichomuuma zaidi alikijua mwenyewe. Zumari angekuwepo, Tarumbeta angemwambia bila hata kufikiri, na wangecheka mpaka wagaegae chini. Boma zima lilimheshimu Tarumbeta. Lakini wa kumwambia aibu yake alikuwa mmoja tu, na huyo walikwisha kumzika.

Siku ya sita asubuhi ukungu ukatanda. Mbweha akaja mpaka mlangoni kabisa. Tarumbeta akamrukia, akakanyaga koti lake, puu! Akaanguka kifudifudi. Akataka kubweka, kho! Mbweha akapita juu yake, akamkamata mtoto wa mbuzi sikio. Mee! Mee! Boma likawa vurugu tupu. Aliyemwokoa mtoto yule ni Bi Ndevu, mbuzi mzee kuliko wote, aliyemtia Mbweha pembe za mbavu. Mbweha akakimbia na kipande cha sikio mdomoni.

Tarumbeta hakuweza kumtazama yule mtoto. Akajilaza pembeni, koti limemfunika macho. Bi Ndevu akaja akakaa karibu yake. Alimjua tangu alipozaliwa, macho bado yamefumba. Tarumbeta akangoja kugombezwa, lakini bibi yule akauliza kwa sauti ya chini, "Zumari angekuuliza koti lina nini, ungemjibuje?"

Tarumbeta akaliondoa koti machoni.

"Ningemwambia ninajikojolea," akasema.

Bi Ndevu hakucheka. "Mwanangu, nimelea madume kumi na moja," akasema. "Inuka twende kwa fundi."

Kwa fundi hakumsemea. Alimwacha aseme mwenyewe, naye akasema, kwa sauti nyembamba. Mnana akajipiga bawa kichwani. Siku zote zile alikuwa anampima mbwa aliyesimama wima, na mbwa gani anaishi amesimama wima? Akamwambia akimbie, akakimbia. Akamwambia alale, akalala. Akamwambia ainue mguu, akainua, na Mnana akatazama pembeni kwa heshima. Pima, kata, shona. Tumbo lote la koti akalikata. Akaacha kamba mbili, moja kifuani, moja nyuma ya mbavu. Mgongo akaushona maradufu.

Siku ya saba Mbweha akaja anacheka. Koti lilikuwa kavu, mgongo una joto, kifua kimefunguka. Bwe! Bwe! Bwe! Mbweha aligeuka mbio hata njia hakuiona, akapitia kwenye miiba. Boma zima likatoka kushangilia, na habari za jikoni hazikutajwa tena.

Walipotawanyika, Tarumbeta akajilaza. Mgongo wake ulikuwa na joto kama siku zile. Ndipo akalia. Alidhani muda wote kinachomliza ni baridi. Sasa baridi imekwisha, na machozi bado yanatoka.

Mwanzoni mwa juma lile angeyaficha. Safari hii aliinuka, akamfuata Bi Ndevu malishoni, mbele ya mbuzi wote, akamwambia, "Namkumbuka ndugu yangu."

Bi Ndevu akaacha kutafuna. "Hata mimi namkumbuka," akasema. "Hebu nisimulie vituko vyake."

Akakaa, akasimulia, mpaka ukungu ukaondoka mlimani.

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa wadogo. Fundi hawezi kukushonea vizuri kama unamficha panapokusumbua, na anayekupenda hawezi kukufariji kama unamficha panapouma. Ukiulizwa, sema ukweli. Na wewe unayeambiwa, usiwahi kucheka.

Hadithi yangu imeishia hapo, malishoni, mbwa na mbuzi wanamzungumzia Zumari. Mwenye wake anayemkumbuka na amtaje sasa, tunasikiliza.