Binti Mmoja, Ahadi Tatu

Sogezeni viti karibu, na anayetafuna karanga atafune taratibu. Mwisho wa hadithi hii nitadai jibu, na sitaki kusikia mtu akisema eti hakusikia swali.

Palikuwa na wasichana watatu wageni waliokuja kufundisha kwa kujitolea katika shule moja ya bweni ya wasichana, juu milimani Rungwe, kule ambako shati ukilifua Jumatatu utalivaa Alhamisi, tena bichi. Wa kwanza aliitwa Hanneke, wa Uholanzi, na kipaji chake kilikuwa kueleza. Akishakueleza jambo, unajishangaa lilikuwa limekushinda vipi.

Wa pili aliitwa Mirae, Mkorea, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Mpe waya, bati na kifuniko cha soda, akurudishie kitu kinachofanya kazi. Wa tatu aliitwa Luzia, wa Brazili, naye alikuwa na kipaji cha kumkosa mtu. Aliingia bwenini, wasichana themanini, wala hahesabu, anauliza tu, "Fulani yuko wapi?" Na kweli huyo fulani hayupo, yuko nyuma ya jiko analia.

Walifundisha fizikia na hesabu mwaka mzima, na mwezi wa Julai mkataba wao ukaisha. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Aliyeupanga mkataba, huko ng'ambo, alifuata kalenda ya shule za kwao, ambako Julai watu wanafunga mwaka. Kwetu Julai ndiyo kwanza moto umekolea, kidato cha nne wanangoja mtihani wa taifa Novemba. Shule ikawaaga kwa ngoma, wakavishwa vitenge, wakalia, wakaondoka. Kidato cha nne kikabaki na nusu ya kitabu, na mwalimu wa fizikia hakuna hata wa dawa.

Katika darasa hilo alikuwemo Subilaga. Huyu alitaka kitu kimoja tu duniani, awe mwalimu wa fizikia ambaye haondoki.

Mnajua wageni wa kujitolea hufanya nini wakishamaliza. Huenda kuona tembo, hulala ufukweni mpaka pua zinachunika, kisha hurudi kwao kutafuta kazi. Siwalaumu, hata mimi ningekwenda kuona tembo. Na hawa watatu walikuwa na mipango hiyohiyo.

Hanneke alifika kwao akapata kazi kwenye shamba la nyanya, zile nyanya zinazolimwa ndani ya nyumba za vioo. Siku moja akatazama kalenda ukutani, akaona Novemba inakaribia, moyo ukamchoma. Tangu siku hiyo, kila mchana alisimama katikati ya nyanya akazungumza na simu yake, akieleza somo kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, na sauti hiyo ikaja kwenye simu ya matroni. Wasichana waliizunguka simu hiyo kama watu wanaoota moto. Yalikuwa masomo thelathini na moja. Kwenye somo la thelathini msimamizi alimkuta tena anaongea na simu, akamfukuza kazi. La thelathini na moja alilifundishia barabarani, akirudi nyumbani.

Mirae alikuwa amefika Dar es Salaam, tiketi ya ndege mkononi. Akakumbuka kwamba mtihani wa fizikia una sehemu ya vitendo, na kwamba kabati la maabara ya shule lina panya kuliko vifaa. Akabadilisha tarehe ya safari, akarudi milimani. Kibali chake cha kufundisha kilikuwa kimekwisha, hivyo darasani hakuruhusiwa kuingia. Akapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akawa anatengeneza. Alitengeneza mizani kwa vifuniko, saketi kwa balbu za tochi, bembea ndogo za kupimia mwendo kwa nyuzi na mawe. Kila Jumamosi aliacha sanduku getini, wasichana wakalichukua. Mwezi wa Septemba bibi yake aliyemlea akafariki kule Korea. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha kwa wakati. Bibi alizikwa Mirae akiwa huku milimani anakata bati.

Luzia alikuwa keshafika kwao Brazili, na nafasi katika chuo cha uuguzi ilikuwa inamngoja. Hanneke alimtumia sauti za wasichana wakijibu maswali, kila mmoja akianza kwa kutaja jina lake. Luzia alisikiliza mara moja tu. "Subilaga yuko wapi?" akampigia matroni kuuliza. Matroni akasema kaenda nyumbani, mama yake kavunjika mguu, na harudi tena.

Siku nane baadaye Subilaga alikuwa kwenye shamba la chai la mama yake, kapu mgongoni, alipomwona mtu anapanda mlima kwa matope mpaka magotini.

"Mbona hukujibu swali la ishirini?" Luzia akamuuliza, hata shikamoo hakuingojea.

"Mwalimu, mama hawezi kusimama. Chai nani ataichuma?"

"Mimi."

"Hujui kuchuma chai."

"Na wewe fizikia ulikuwa unaijua?"

Subilaga akavua kapu, akarudi shule. Luzia alichuma chai, alipika, alimwogesha mama wa watu hadi mtihani ulipokwisha. Chuo cha kwao kilimngoja wiki tatu, kisha nafasi yake akapewa mwingine. Hakuipata tena.

Subilaga alifaulu. Siku matokeo yalipotoka alilia, akacheka, akakimbia kwenye mvua bila viatu. Halafu, furaha ikiwa bado imempanda kichwani, akaandika barua tatu. Ya Hanneke ilisema, "Nikizaa binti, nitamwita jina lako." Ya Mirae ilisema hivyohivyo. Na ya Luzia.

Msimcheke. Kwao mlimani mwanamke hupiga hesabu ya watoto sita bila kukunja uso, na yeye alijihesabia mabinti watatu kuwa ni wachache.

Miaka ikapita. Akawa mwalimu wa fizikia katika shule ileile, akaolewa na Lugano, mtu mpole, na baada ya kungoja sana akapata binti. Uzazi ulikuwa mbaya. Damu haikukatika, ikabidi madaktari wautoe mji wa mimba ili mama apone. Alipozinduka, kichanga kikiwa kifuani, kitu cha kwanza alichokiwaza kilikuwa zile barua tatu. Akaona aibu mpaka akafunga macho.

Katika ukoo wa Lugano, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Mama mkwe, Bibi Tusekile, alikuwa amelingojea jina lake miaka yote. Lakini aliposikia habari ya barua, akasema, "Bila wale watu nisingepata mkwe huyu. Jina langu naliondoa."

Lugano akajaribu kusaidia. "Mama, si tumpe yote matatu? Hanneke Mirae Luzia."

"Hayo ni ya kwenye karatasi," Bibi Tusekile akamjibu. "Jina ni lile unaloitwa ukikaribia kushika moto. Hapo hakuna mtu wa kuita matatu. Mwite moja, na liwe la haki. Mkishindwa, nirudishieni la kwangu."

Habari zilikuwa zimeshafika ng'ambo, na majibu yakaja. Hanneke aliandika kwamba yeye na mumewe wameambiwa hawatapata mtoto, na kwamba ile barua ya zamani anayo hadi leo kwenye droo ya kitanda. Mirae aliandika mstari mmoja: "Bibi yangu ndiye aliyenipa jina hili." Luzia hakudai chochote. Aliuliza tu, "Na wewe hali yako? Unalala?" Na hilo lilimuumiza Subilaga kuliko yote.

Wiki nzima alizunguka na mambo hayo, mtoto mgongoni. Bila sauti ya Hanneke angerudi shule kufanya nini? Bila mikono ya Mirae angeingia chumba cha vitendo akiwa hajawahi kushika hata balbu. Bila Luzia asingeingia kabisa. Angekuwa bado yuko kwenye chai, masomo thelathini na moja yakisomwa na wengine. Mmoja alipoteza kazi, mmoja mazishi, mmoja chuo. Kila alipomchagua mmoja aliwaona wawili wakigeuza nyuso.

Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje. Ndugu walijaa jikoni, chai ya maziwa inachemka, vikombe vinapita mkono kwa mkono. Katika ukoo huo mtoto hubebwa na bibi yake hadi karibu na jiko, apate joto la moto usoni, na mama huliita jina kwa sauti ili amrudishe. Baada ya hapo halibadilishwi.

Bibi Tusekile akamchukua mjukuu. Alitembea polepole, midomo imebana, maana na yeye alikuwa na jina lake moyoni na alikuwa amelimeza. Akafika penye moto, akainama. Mtoto akaona mwanga, akanyoosha kamkono.

"Mwite," Bibi Tusekile akasema.

Subilaga akafungua kinywa. Akaiona shingo ya mama mkwe wake iliyoinama, akawakumbuka na wale watatu.

Mtoto bado amenyoosha mkono, jamani, na moto ni moto. Haya, karanga chini. Wewe ungemwita nani?