Mlango wa Jikoni Kwanza

Palikuwa na Sultani, Mwinyikombo jina lake, ambaye milango ya jumba lake ilifunguliwa na kompyuta. Akilisogelea lango kuu, linafunguka lenyewe, akipita, linajifunga. Alilipenda lango hilo kuliko baadhi ya wake zake.

Fundi wa kompyuta hiyo alikuwa Mwanakheri, mwanamke maskini mwenye ulimi mkali. Programu yake ilitegemea vipande vilivyoandikwa na mafundi wa nchi za mbali, nao hawakuchoka kuleta matoleo mapya. Kila toleo likija, Mwanakheri hulijaribu kwanza kwenye mlango wa jikoni. Ukigoma, wapishi hutukana kidogo, wakapitia dirishani. Usipogoma juma zima, ndipo hulipeleka lango kuu.

Sultani akapata habari. Akapandwa na hasira.

"Kumbe mlango wa jikoni unavaa vipya, lango langu linavaa mitumba?"

"Linavaa vilivyojaribiwa, Mtukufu."

"Kujaribu ni kunitilia shaka! Kuanzia leo, kipya chochote kianzie kwangu. Na lango likigoma, utafungwa wewe."

Mwanakheri aliogopa. Lango kugoma siku moja ni jambo la hakika, na gereza la Sultani halikuwa na dirisha la kupitia. Hata hivyo akainama.

"Sikio halipiti kichwa. Ila amri tamu hivyo isiishie langoni. Ipigiwe mbiu jumba zima: kipya chochote, Sultani kwanza."

Sultani akavimba kichwa. Mbiu ikapigwa.

Adhuhuri likaletwa sinia la biriani. Mzee Faki, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja chakula cha Sultani kwa kuhofia sumu, alikaa kando amekunja mikono.

"Faki, onja!"

Faki akatazama dari. Mwanakheri, aliyekuwa akishughulikia mlango wa ukumbi, akamjibia.

"Samli ni mpya, Mtukufu. Imeingia asubuhi, kutoka kwa muuzaji mgeni. Amri inasema wewe kwanza."

"Lakini mpishi ni yule yule tangu enzi za baba!"

"Na lango ni lile lile. Ngeni ni samli."

Sultani akanusa. Njaa inamsokota, mbiu ni yake mwenyewe. Akafinyanga tonge, akalitazama, akalirudisha siniani.

"Na ikinidhuru?"

"Ondoa hofu, Mtukufu. Ukifa, tutamfunga mpishi."