Tamasha la Kiboko na Karamu ya Siri

"Hadithi, hadithi!"

"Njoo!"

"Ije na nini?"

"Ije na uongo wake, ije na utamu wake!"

"Na ikichelewa?"

"Tutaifuata kwao!"

Haya, kaeni basi. Mwatime, sogea, umemkalia mwenzio mguu. Mnaiona ile kawa ya kufunikia chakula pale mkekani? Chini yake kuna kitu. Kitu gani, sisemi. Hakuna kugusa mpaka nimalize, maana mgeni hafunui kawa mpaka mwenyeji aseme karibu. Tumeelewana? Haya.

Hapo zamani palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, mwili kama boga, mkia hana. Aliishi na bibi yake, kizee cha watu, fundi wa kusuka ukili. Bibi alikuwa na hamu moja tu hapa duniani: kumsikia Chiriku akiimba. Chiriku aliimba siku ya harusi yake, na tangu siku hiyo bibi hajakisahau kile kiitikio.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "sikio la kushoto lilishafunga duka zamani. Hili la kulia linafagia sakafu, nalo lifunge. Nimsikie Chiriku mara moja tu, kisha nikae na ukimya wangu kwa raha."

"Utamsikia, bibi," Pimbi akasema.

"Eti?"

"UTAMSIKIA, BIBI!"

Sasa, bondeni kulikuwa na Kiboko. Na Kiboko alikuwa na tamasha. Kila kiangazi, tamasha. Na kila kiangazi, kabla mvua haijakauka vizuri kwenye majani, Kasuku alipanda juu ya mti na kupasua koo:

"Kwaa-kwaa-kwaaa! Halijapata kutokea! Halitatokea tena! Tamasha la Mto Mzima! Njooni mjionee, msingoje kusimuliwa!"

"Nani ataimba?" wanyama wakauliza.

"Tutatangaza!"

"Lini?"

"Tutatangaza siku ya kutangaza! Kwaa!"

Wanyama wakasubiri. Swala hali, Ngiri halali, Kobe kachungulia nje ya gamba mpaka shingo ikamuuma. Siku ya kutangaza ikafika. Kasuku akapanda mti, akakohoa, akakunja bawa kifuani, akasema, "Tunayo furaha kuwatangazia kwamba tangazo liko njiani!" Akashuka.

Hebu niambieni, huyo si wa kupigwa kofi?

Mwishowe Tumbili akachora picha kwenye jani la mgomba, likatundikwa kisimani. Picha ya nani? Ya Chiriku! Kichwa kikubwa kama mtungi, mdomo wazi, maua pembeni. Na chini kabisa, ukingoni mwa jani, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, paliandikwa "akipatikana". Nani ainame mpaka huko chini? Watu wameshamwona Chiriku, basi, wameshachanganyikiwa.

Kiingilio kilikuwa kikapu cha chakula. Kikapu kimoja, unasimama nyuma. Vikapu viwili, kiti cha mbele. Vitatu, kiti cha mbele ya mbele. "Wahini! Nafasi zimebaki chache!" Kasuku akapiga kelele, na ufuko wote ule mtupu, unaona mpaka upeo wa macho, kumekaa konokono mmoja tu.

Pimbi alitoa vitatu. Mtama wao wote wa kiangazi, viazi vyote, matango yote. Akambeba bibi mgongoni mpaka bondeni. Kiti cha mbele ya mbele kikawa ni tope, nyuma kidogo ya matako ya Kiboko. Ngoma ikalia, ndu-ndu-ndundundu! Kasuku akatangaza mgeni maalumu. Bibi akalitega sikio la kulia. Akatoka nani? Akatoka Kiboko mwenyewe, ua sikioni, akaimba:

"Booo! Bo-bo-booo! Buuup!"

Ile ya mwisho ilikuwa mbweu.

"Mjukuu wangu," bibi akanong'ona, "Chiriku anaumwa?"

Jamani, Pimbi aliumia. Alimtazama bibi yake pale topeni, katega sikio kwa mbweu, moyo ukamchoma. Akaenda mpaka kwa Kiboko, akasimama mbele ya lile domo.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, nina vikapu vya kuhamisha."

"Chiriku yuko wapi?"

"Chiriku atakuja."

"Lini?"

"Kwani sisi tulisema lini?" Kiboko akacheka, ho-ho-ho, tumbo likatikisika. "Njoo mwakani, Pimbi. Mwakani ni kubwa zaidi."

"Basi nirudishie japo kikapu kimoja. Bibi yangu atakula nini?"

Kasuku akadakia kutoka juu, "Vigezo na masharti kuzingatiwa! Kwaa!"

Mwakani! Na sikio linafagia sakafu!

Pimbi hakulia. Alimrudisha bibi jabalini, kisha akaenda kumtafuta Chiriku. Alidhani ataenda mbali, ng'ambo ya milima. Wapi! Alimkuta shamba la jirani, juu ya bua la mtama, anajichana manyoya.

"Kaka Chiriku, mwaka wa ngapi huu unatukosesha raha? Kwa nini huji tamashani?"

"Tamasha lipi?" Chiriku akashangaa.

"La Kiboko! Picha yako iko mpaka kisimani!"

"Mimi? Dada Pimbi, hakuna aliyenialika. Nimekaa hapa kila kiangazi nasikia ngoma, nasema labda hawanipendi. Mimi ningeimba kwa punje mbili za mtama!"

Pimbi akakaa chini kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka alikuwa ameshapata la kufanya. Akamnong'oneza Chiriku, nong'o-nong'o-nong'o. Chiriku naye akaanguka kutoka kwenye bua kwa kucheka.

Kesho yake Pimbi na bibi wakaanza kusuka. Walisuka kawa kubwa, ukikaa ndani unafungua duka. Wakasuka nyingine ndogo kidogo, ya kukaa ndani ya ile. Na nyingine ndani ya hiyo, na nyingine, na nyingine, mpaka ya mwisho ilikuwa ya kufunika ngumi. Na kazi hii waliifanyia wapi? Pembeni mwa njia anayopita Kiboko kwenda malishoni. Kiboko alipokaribia, gubu-gubu-gubu, Pimbi akageuka kwa bibi yake.

"BIBI! USIMWAMBIE MTU HABARI ZA KARAMU!"

Gubu-gubu ikanyamaza.

"Karamu?" Kiboko akasema. "Karamu gani?"

"Nani kasema karamu?" Pimbi akaziba mdomo. "Mzee, nisamehe, siruhusiwi kusema. Tutatangaza."

"Lini?"

"Siku ya kutangaza."

Kiboko akaenda malishoni, nyasi zikamkwama kooni. Karamu! Karamu gani hiyo ya kufichwa? Kesho yake alirudi kabla jua halijapanda.

"Vipi, Pimbi?"

"Nina habari njema, mzee. Tunayo furaha kutangaza kwamba tangazo liko njiani."

"Aaah!" Kiboko akaguna, akagaagaa pale chini. "Kuna nini lakini? Ni matikiti? Niambie tu kama ni matikiti!"

"Ni Chakula cha Siri. Hakijapata kupikwa, hakitapikwa tena."

Mnaona? Mtu mzima, mwenye tamasha lake, maneno ni yale yale ya kwake, na anayameza kama uji! Siku iliyofuata alikuja anapiga magoti.

"Kiingilio ni nini?"

"Kusimama nyuma, vikapu kumi."

"Mimi nisimame nyuma? Mimi?"

"Ipo ya mbele ya mbele, mzee, lakini hiyo huiwezi. Hiyo ni vikapu vyote ulivyonavyo. Na nafasi imebaki moja. Faru aliiulizia jana."

"FARU?" Kiboko akaruka juu, yule yule Kiboko, miguu yote minne ikaiacha ardhi. "Vikapu vyote nalipa! Leo! Sasa hivi!"

Akavileta vyote. Mtama wa Swala, viazi vya Ngiri, matango ya Pimbi, vyote vikapangwa pale jabalini kama mlima. Kasuku, ambaye yeye ni wa kila anayempa karanga, akapewa karanga, akapanda mti.

"Kwaa-kwaa-kwaaa! Njooni nyote! Kiingilio bure! Kiboko atakula mbele yenu!"

Wakaja. Nani asije? Kiti cha mbele ya mbele kikawa ni jiwe kavu, jua la saa sita linapiga moja kwa moja. Kiboko akapanda, akakaa. Ngozi ikaanza kumkakamaa, yeye hana habari, macho kwenye kawa. Kawa ile kubwa! Mate yakamtiririka mpaka chini. Tumbo likalia, nguru-nguru-nguru.

"Kabla hatujafunua," Pimbi akasema, "neno fupi kutoka kwa wadhamini wetu, familia ya Mchwa."

Mchwa akasema neno. Mchwa ni wengi. Kila mmoja akasema lake.

"Nifunue mwenyewe?" Kiboko akanong'ona.

"Mzee! Mgeni kufunua kawa? Mbele za watu?"

Kiboko akautazama umati. Umati ukamtazama Kiboko. Angeonekana hana adabu, mlafi asiyefunzwa kwao, na akina mama wangelisema jambo hilo mpaka masika. Akauma mdomo, akatulia.

"Haya," Pimbi akasema. "Bibi, FUNUA!"

Bibi akafunua, fyup! Ndani kuna nini?

Kawa.

"Oooh!" wanyama wakasema.

"Hii ilikuwa kionjo tu," Pimbi akasema. "Chenyewe kinakuja. Bibi, FUNUA!"

Fyup! Kawa.

"Hahaaa!" Ngiri akaanza kucheka. Swala akamkanyaga anyamaze, lakini Swala naye mabega yanamcheza.

Fyup! Kawa. Fyup! Kawa. Kila kawa inavyotoka, Kiboko anajisogeza mbele, na jiwe linavyopata moto anainua tako hili, anashusha lile. Fyup! Kawa. Kasuku juu ya mti anapiga kelele, "Msiondoke! Kinachofuata ni kikubwa zaidi!" na kinachofuata ni kidogo zaidi, kila mtu anaona. Fisi alicheka mpaka akakaa chini, na mjue hata leo hajamaliza.

Ikabaki ya mwisho, ile ya ngumi.

"Ni utamu uliokolezwa," Kiboko akajifariji, sauti inatetemeka. "Ndiyo maana ni kidogo. Kimekolezwa sana."

"Karibu, mzee," Pimbi akasema. "Hii funua mwenyewe."

Kiboko akafumba macho, akafungua domo lote wazi kama mlango wa ghala, akafunua. Fyup!

"Chiri-chiri-chiririii! Chiri-chiri-chiririii!"

Chiriku! Chiriku mwenyewe, mzima, hana kichwa cha mtungi, ana kichwa chake kile kile kidogo! Aliruka juu ya pua ya Kiboko, akaimba. Akaimba za harusi, akaimba za mavuno. Wanyama walipiga vigelegele hadi majani yakapukutika. Swala na Ngiri wakakamatana viuno. Kobe alicheza, akajipindua, akachezea huko huko chali.

Pimbi hakucheza. Alimkimbilia bibi yake, akamwinamia kwenye sikio la kulia, akavuta pumzi.

"BIBI! UNASI—"

"Shh!" bibi akamziba mdomo kwa kiganja. "Usinipigie kelele, mjukuu wangu. Namsikia."

Na machozi yanamtoka, na mguu unapiga mdundo.

Wakati huo wageni wakaona vikapu. Kila mmoja akakijua cha kwake. Viazi vikachomwa, matango yakakatwa, karamu ikawa karamu kweli.

"Nimedanganywa!" Kiboko akanguruma. "Nimelipa! Chakula cha Siri kiko wapi?"

"Kitakuja," Pimbi akasema.

"Lini?"

Na bonde zima, Swala, Ngiri, Kobe, Mchwa wote na ukoo wao, likajibu kwa pamoja:

"KWANI TULISEMA LINI?"

"Vigezo na masharti kuzingatiwa!" Kasuku akamalizia, mdomo umejaa karanga.

Kiboko aliona aibu. Ngozi inawaka, tumbo tupu, umati unacheka. Aliruka kutoka jiweni, akateremka mbio bondeni, chubwiii! mpaka katikati ya mto, akazama. Ndiyo sababu mpaka leo Kiboko mchana hatoki majini, anaogopa kuulizwa habari za tamasha. Lakini mtazameni vizuri. Mwili wote yuko chini, masikio ameyaacha juu, yanageuka huku, yanageuka kule, pr-pr-pr. Anasubiri tangazo.

Na mafunzo ya hadithi hii, wapendwa wangu, ni haya. Aminini matangazo, hakuna anayetangaza jambo kwa ubaya. Kiingilio lipeni mapema, na mkikuta tope, kaeni kwa shukrani. Na msanii asipokuja, kosa ni lenu, mlikwenda na masikio ya nini?

Hadithi yangu imefika kwao. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni bakuli langu.

Sasa, Mwatime, umekaa vizuri, umesubiri kwa adabu. Nenda pale mkekani. Karibu, mama, funua.

"Haya, nafunua... Fyup! Ah! Kawa!"

Funua tena, mwanangu. Kinachofuata ni kikubwa zaidi.